Suti ya Ryoba

Mimi sina subira na mtu, Bomani yote hapa Tarime inajua. Mteja akiniuliza mara mbili suruali yake lini, namrudishia kitambaa akajishonee mwenyewe. Kwa hiyo mke wangu Mwanamvua aliponiambia nimpe yule binti wa Kikurya kona ya baraza langu aweke meza na kompyuta, nilikataa hata hajamaliza kusema. Cherehani na kompyuta wapi na wapi? Mwanamvua hakubishana. Akanipakulia chakula kimya, kesho yake akanipakulia kimya vilevile. Nikasema haya, aje. Mwanamke akinyamaza ndani ya nyumba, wewe umeshashindwa, ni vile tu hujaambiwa.

Akaja. Boke Mniko, mwembamba, begi la kompyuta kalikumbatia kifuani.

"Shikamoo, Baba Samira."

"Marahaba. Nyaya zako zisiguse cherehani yangu."

"Hazitagusa, baba."

Alikuwa ameajiriwa kwenye duka moja la steshenari hapa mjini, anadizaini kadi za harusi na mabango, chini panaandikwa jina la duka, lake halionekani. Akachoka, akaacha. Alitaka kusimama mwenyewe. Na haikuwa kiburi, alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo iliitwa Ryoba.

Ryoba alikuwa kaka yake wa kuzaliwa, wawili tu kwa mama yao. Kwao ni Robanda, kule ukingoni mwa hifadhi, ambako marehemu baba yao alihamia kutoka huku Tarime kufuata shamba. Mzee Mniko alikufa Boke akiwa mdogo, na hakuacha hata picha moja. Boke aliwahi kuniambia, "Baba Samira, mimi baba yangu simjui sura. Nikimwota, anakuja na sura ya kaka." Basi huyo Ryoba ndiye aliyemsomesha. Na alipoona dada yake ana mkono wa kuchora, akauza dume lake la kulimia akamnunulia ile kompyuta.

Sasa nyie mnaowajua Wakurya, niambieni. Ng'ombe huingia nyumbani kwa mahari ya dada, hawatoki kwa sababu ya dada! Wajomba walimcheka mpaka wakachoka. Ryoba akawajibu, "Huyu ataleta kwa mkono wake, bila kuondoka nyumbani."

Makubaliano yao yalikuwa hivi. Boke akishapata wateja wa kueleweka, Ryoba anaachana na shamba la Robanda, anakuja Tarime, anashika kamera, wanafanya kazi pamoja. Maana kule mahindi yakianza kukomaa tembo wanatoka hifadhini, na watu wanalala shambani wakipiga madebe na kumulika tochi. Kila msimu kuna nyumba inayolia. Boke alikuwa akisikia habari ya tembo redioni, anaacha kila kitu anapiga simu. Kila kazi aliyoipata, hata ya lebo ya mafuta ya nywele, alikuwa anaihesabu kama hatua ya kumtoa kaka yake kule.

Lakini wateja wa mwanzo, Mungu anisamehe, walikuwa balaa. Mtu anakuja anataka nembo ya kwaya, anakaa nusu siku nyuma ya kiti cha mtoto wa watu, weka njiwa, ondoa njiwa, njiwa akue, njiwa apungue, halafu mwisho anasema, "Dada, mbona bei hiyo, si ni kubonyeza tu?" Boke anainamisha kichwa. Mimi ndiye niliyekuwa nachemka. Mmoja nilimfukuza na rula yangu ya mbao. "Kubonyeza tu? Na mimi si ni kukanyaga tu? Njoo ukanyage basi uone kama itatoka kanzu!" Boke alicheka siku hiyo mpaka machozi. Nadhani ndiyo siku tuliyokuwa ndugu.

Kilichomfungulia njia ni misiba. Harusi hupangwa, watu wana muda wa kwenda kwenye maduka makubwa. Kifo hakimsubiri mtu. Wafiwa wanakuja na haraka, wanataka picha ya marehemu ya kuweka mezani na kwenye bango, na picha yenyewe mara nyingi ni ya kitambulisho.

Wa kwanza alikuwa Hezekia, mtoto wa Mzee Kisyeri. Picha pekee ya mzee alikuwa amevaa fulana ya kampeni. Hezekia akasema, "Dada, baba hawezi kwenda na fulana ya chama. Mvalishe suti." Boke akaingia mtandaoni kutafuta suti. Zipo nyingi, lakini zote zimevaliwa na Wazungu. Akakata, akabandika kichwa cha mzee. Hezekia akainama kwenye kioo, akatazama muda mrefu.

"Dada, hii mikono. Baba yangu amekuwa mweupe mikono hivi tangu lini?"

Nilitaka kucheka, nikajizuia, msiba ni msiba.

Kwa bahati, Ryoba alikuwepo. Alikuwa amekuja kutoka Robanda na karanga, kakaa kwenye benchi langu anazimenya na kunipa. Kijana mrefu, mpole, mwenye maneno ya utani muda wote. Mimi nilikuwa na suti nyeusi imening'inia kwenye msumari, nimemshonea bwana harusi mmoja ambaye harusi ilivunjika, hakuja tena kuichukua. Kitambaa kizuri, kazi yangu ya mkono, sijui kama nitashona nyingine kama ile. Nikasema, "Mvalishe huyu. Mikono ya kwetu hiyo."

Ikawa kubwa kwake. Nikaikusanya mgongoni kwa pini, mbele ikakaa kama amezaliwa nayo. Akasimama ukutani, mikono ameiweka mmoja juu ya mwingine.

"Tulia," Boke akamwambia, "simama kama marehemu."

"Marehemu anasimamaje, wewe? Mimi niliowaona wote wamelala!"

Samira, binti yangu, alikuwa ameshika simu yake kupiga picha, akacheka mpaka mkono ukatikisika. Ikabidi wapige tena. Ile iliyofaa Ryoba alikuwa anacheka kidogo kwa pembeni ya mdomo. Haikudhuru, kichwa chenyewe hakikuhitajika. Boke akaiingiza kwenye kompyuta, akakata kichwa cha kaka yake, akaweka cha Mzee Kisyeri. Akaseivu palepale juu ya ile ya mwanzo, ya kwanza ikafutika. Samira naye simu yake ilikuwa imejaa, akafuta.

Hezekia alipoona, alilia. Alisema, "Baba yangu amependeza, hajawahi kupendeza hivi." Akamshika Boke mkono kwa mikono yake miwili.

Basi suti ile ikaanza kusafiri. Mtu anaona bango msibani, anauliza nani kalitengeneza. Sirari wakaja, Nyamwaga wakaja, Mugumu wakapiga simu. Wazee wenye matumbo, vijana wembamba, wote wamevaa suti yangu, wote wamesimama kwenye miguu ya Ryoba. Boke alikuwa anawatanua mabega au anawapunguza, kila mmoja kwa kipimo chake. Mimi nikawa nalalamika. Suti yangu ndiyo inajulikana wilaya nzima na hakuna aliye hai anayekuja kuagiza kama hiyo! Ryoba akipiga simu, salamu yake ilikuwa hiyohiyo. "Dada, u mzima? Leo nazikwa wapi?" Boke anamjibu, "Leo Nyamongo, kaka, vaa vizuri."

Mama yao alipousikia utani huo hakuupenda. Alimtuma Ryoba amwambie Boke kwamba mtu aliye hai hafanyiwi mazoezi ya kufa. Boke akaendelea kuwavalisha. Angefanya nini? Ndiyo kazi iliyokuwa inakuja.

Kisha akaja mjane mmoja, Mama Esta. Akapokea picha ya mumewe, akaitazama, akasema taratibu, "Mwanangu, umetengeneza vizuri. Lakini mume wangu hakuwa na kovu mkononi." Sote tukainama. Kweli, Ryoba alikuwa na kovu mkono wa kushoto, linaanzia kwenye shina la dole gumba, linapinda kuelekea kwenye kifundo, jeupe kidogo. Alijikata na panga akiwa mtoto, akimkatia Boke muwa. Boke alikuwa analilia muwa, mama yuko shambani, kaka mtu akaenda kuukata na panga lililomzidi. Boke alikuwa akinisimulia kisa hicho, anamaliza kwa kusema, "Na ule muwa niliula, Baba Samira. Yeye anavuja damu, mimi natafuna."

Lakini mteja ni mteja. Boke akalifuta lile kovu. Nilimwona. Alilifuta polepole kama anayefuta vumbi kwenye uso wa mtoto. Tangu siku hiyo marehemu wote wakawa na mikono safi.

Ikafika mwaka huu kazi imeshasimama imara. Sisemi kwa kumsifia, mlango ulikuwa haufungwi. Boke akanunua kamera, ipo kwenye boksi lake, hakutaka kuifungua. Akatengeneza bango la ofisi, akalitundika pale barazani juu ya cherehani yangu: Boke na Ryoba, Picha na Dizaini. Mimi nikasogeza meza ya kukatia nguo, nikaongeza kiti. Nilinung'unika kidogo, ndivyo nilivyo, lakini kiti nilikichagua mwenyewe, chenye mgongo, kwa sababu yule kijana ni mrefu.

Akampigia. Akaweka sauti ya nje ili nami nisikie.

"Kaka, njoo. Sasa njoo. Kiti chako kipo."

"Nitakuja. Nivune kwanza."

"Acha mahindi! Nitamnunulia mama mahindi, nitanunua gunia na gunia."

"Boke, shamba limezaa mwaka huu kuliko miaka yote. Mama atalia nikiliachia tembo. Yeye hawezi kulinda peke yake. Nivune hili tu, nimlete na mama hapo."

Nikadakia, "Wewe Ryoba, kiti kinakungoja, nitampa mtu mwingine!"

"Baba Samira, ukikitoa nitakaa kwenye cherehani!"

Tukacheka. Wallahi tulicheka.

Wiki ile ile ya kuvuna, asubuhi nafungua mlango, simu ya Boke ikaita. Ni jirani yao wa Robanda. Tembo walikuwa wameingia shambani alfajiri. Ryoba aliwafukuza, wakatoka, akadhani wametoka wote. Mmoja alikuwa amebaki nyuma ya mihogo.

Boke hakulia. Aliweka simu chini, akawasha kompyuta. Nilidhani kachanganyikiwa, nikamwita Mwanamvua aje haraka. Mwanamvua akamkumbatia, yeye akawa anasema kwa utulivu wa kutisha, "Mama, niacheni. Baba hakuwa na picha. Kaka hatakwenda bila picha."

Nikasema, "Tumia ile ya suti, mwanangu. Ile ni yake."

Akaniangalia. Macho yale sitayasahau.

"Ile haina kichwa, Baba Samira."

"Kichwa chake kiko wapi?"

"Nilikitupa."

Hivyo ndivyo wanavyosema wenyewe kwenye kazi yao, kutupa. Samira akaja mbio, akapekua simu yake, akalia, hakuna kitu. Watu wote walioacha vichwa kwenye kompyuta ile, wazee na vijana wa Tarime nzima, na mwenye mwili hayumo.

Akapata picha moja ambayo Ryoba alimtumia kwa simu, yuko shambani, kavaa kofia, anacheka. Akaikata kofia akamchorea nywele. Akaleta kichwa juu ya suti. Hakikukaa. Akakipunguza, hakikukaa. Mabega yalikuwa yameshatanuliwa na kupunguzwa kwa ajili ya watu wengine mpaka yalikuwa si ya mtu tena, na yale ya mwanzo hayakuwepo. Mimi fundi nguo, najua bega la mtu. Niliona mwenyewe kwamba Ryoba haingii kwenye mwili wake. Boke alihangaika mpaka ikaonekana kama picha, tukaenda kuiprinti kubwa, ikapigwa fremu.

Mwanamvua akaniambia, "Chukua na suti." Sikuhitaji kuambiwa. Niliitoa kwenye msumari, nikakaa kwenye cherehani nikaipunguza mgongoni. Pini zinafaa kwa picha. Kipimo chake nilikuwa nacho kichwani, sikuhitaji kumpima. Nilishona huku natukana tembo na mahindi na aliyeleta mihogo duniani, na machozi yananidondokea kwenye kitambaa.

Tukafika Robanda. Uwanja umejaa watu, Wakurya na Waikoma, wanawake wameketi chini na khanga vichwani. Wajomba wakaipokea suti wakaingia nayo ndani. Boke akaiweka fremu juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe, karibu na mahali pa jeneza. Watu wakaanza kusogea kutazama. Nikamsikia kijana mmoja nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake, "Hii suti ndiyo ile ya msibani kwa baba mdogo. Wamembandika na huyu." Nilimgeukia. Nilitaka kumpiga kofi mbele ya maiti. Mwanamvua akanishika mkono.

Mama yao akaletwa, ameshikwa na wanawake wawili. Akasimama mbele ya picha. Macho yake hayakwenda usoni, yalishuka mikononi moja kwa moja. Mama anajua mahali pa kumtafuta mwanawe.

"Boke," akasema kwa Kikurya. Mimi nimezaliwa Tarime, Kikurya nakisikia. "Mikono ya nani hii?"

"Ya kaka, mama."

"Ya Ryoba?"

"Ya kwake mwenyewe, mama. Nakuapia."

"Kovu liko wapi?"

Boke akaitazama mikono ya kwenye picha.

"Mkono huo niliufunga mimi kwa khanga yangu," mama akasema. "Niliuosha kila siku kwa maji ya chumvi. Huyu mliyeniletea si wangu. Baba yake alikwenda bila sura, sasa na huyu mnanipa wa watu. Ondoeni."

Hapo ndipo Boke alipolia. Alilia kwa sauti ya mtu aliyepigwa, akapiga magoti mbele ya meza, anasema, "Nililifuta mimi, mama. Nililifuta mimi, nilikuwa natafuta kazi aje kwangu, nilitaka aje." Wanawake wakalia naye. Mimi mwenyewe nililia, sioni haya kusema. Yule mtoto alifanya kila kitu sawa. Kila alichokifanya alikuwa anamvuta kaka yake atoke pale, na kila alipomvuta alikuwa anamfuta kidogo.

Sikujua la kufanya na mikono yangu, nikaitia mfukoni. Nikakuta chaki yangu ya kuchorea nguo, ile nyeupe bapa, siku zote inakuwa humo. Nikainama nikamwekea Boke kiganjani.

Aliitazama. Kisha akainuka, akaingia ndani alikolazwa Ryoba. Wajomba walitaka kumzuia, mama akasema mwacheni. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona amekaa chini, ameshika mkono wa kushoto wa kaka yake uliotoka kwenye mkono wa suti yangu, anapitisha kidole juu ya kovu, kwenda na kurudi, kama anayejifunza kuandika. Alikaa hapo muda. Akatoka, akaifungua fremu nyuma, akaitoa picha, na kwa ile chaki akachora juu ya karatasi. Mstari mmoja tu, kutoka kwenye shina la dole gumba, ukapinda kuelekea kwenye kifundo.

Mama akasogea. Akaweka kidole juu ya ule mstari, chaki ikamshika.

"Ndiyo," akasema. "Sasa ni Ryoba."

Akaichukua ile picha akaikumbatia, na hakuiachia mpaka mazishi yalipokwisha. Mchungaji akasoma, mimi nikaomba kivyangu nimesimama nyuma. Tulipoweka udongo nilifikiria pindo la suti lile nililolishona kwa mkono, na jinsi nilivyolalamika kwamba hakuna aliye hai anayeivaa. Aliivaa mmoja, akiwa hai, ukutani kwangu, akicheka, na mimi sikumwangalia vya kutosha.

Boke amerudi kazini. Mama yake yuko naye, wamepanga chumba karibu na kwetu, na mchana anakuja barazani. Hakai kwenye kile kiti, anakaa kwenye benchi. Mimi sijakitoa, na asubuhi nakipangusa. Bango liko vilevile juu ya cherehani, majina mawili.

Juzi akaja kijana kafiwa na babu yake, anatoka Mbalibali. Ameona kazi mahali, ameuliza, ameelekezwa hapa. Ana picha ya kitambulisho mkononi. "Dada," akamwambia Boke, "naomba na yeye umvalishe ile suti."

Boke akaipokea ile picha ndogo, akamwangalia yule mzee, akamwambia yule kijana pole sana. Kisha akauliza babu yake alikuwa anapenda kuvaa nini, alikuwa na kofia, alikuwa na fimbo, alikuwa na alama yoyote mwilini ambayo bibi angeitafuta.

Kijana akashangaa. "Lakini suti, dada? Wote umewavalisha."

Nikasimamisha cherehani. Mama yao pale benchini akainua kichwa. Boke alikuwa ameshageukia kompyuta, anamjibu bila kumtazama.

"Suti ile tumemzika nayo mwenyewe."